Fundi Kimya na Benchi la Mkunga

Fundi Kimya aliongea kwa sauti ya chini mno, kiasi kwamba mteja aliyefika kwake mara ya kwanza alidhani anaambiwa siri. Mtu alikuja kuuliza kama mlango wake ulioliwa na wadudu unaweza kutengenezeka, akajikuta ameinamisha kichwa na kusogeza sikio, na kabla hajajua naye ameanza kunong'ona. Basi wakawa wawili wananong'onezana juu ya mlango kama majirani wanaomsengenya mtu aliye chumba cha pili. Wapita njia walicheka. Jina la utani likatoka hapo, likamganda, na hata mkewe alilitumia akitaka kumchokoza.

Masikio yake yaliharibika tangu utotoni. Yalitoka usaha, yakapona, yakatoka tena, na yalipokauka kabisa yaliondoka na sauti za dunia. Hakuwa kiziwi wa kutosikia lolote. Mtu akimpigia kelele karibu na sikio alisikia kitu, ila kilimfikia kama maneno ya mtu aliyejifunika blanketi, mvumo usio na umbo. Sauti yake mwenyewe ndiyo pekee iliyobaki nzima. Hiyo aliisikia ndani ya fuvu, nene na ya karibu, ndiyo maana hakuona haja ya kuipandisha. Akitafuna mkate mkavu alijisikia kana kwamba anatembea juu ya changarawe. Mengine aliyasoma midomoni mwa watu, na alikuwa hodari wa kuyasoma, ingawa wenye masharubu walimpa taabu.

Kazi aliipata kwa mjomba wake, aliyekuwa na karakana ya kupasua mbao. Mjomba hakukubali kumweka kwenye msumeno mkubwa, maana mtu asiyesikia akiitwa hawekwi karibu na meno ya chuma. Akampeleka banda la nyuma, kwenye mbao zilizokataliwa. Huko ndiko zilikotupwa zenye vifundo vilivyoanguka na kuacha shimo, zenye nyufa za jua, zilizobonyezwa na minyororo ya magari, na zile zilizotobolewa na dumuzi, wadudu walao mbao, mpaka zikafanana na chujio la chai. Zote zilikuwa mbao ngumu, mvule na mkangazi na nyingine ambazo mjomba mwenyewe alizitaja kwa rangi tu.

"Hawa ni wagonjwa," mjomba alimwambia, akitamka polepole ili midomo isomeke. "Wewe kaa nao."

Akakaa nao, na miaka ikapita kama mchana mmoja mrefu. Banda lile lilikuwa na paa la bati lenye matundu ya misumari, na jua lilipenya humo kwa miale myembamba, vumbi likipanda na kushuka ndani yake bila haraka. Kwake yote yalitendeka pasipo mlio. Randa iliteleza, maganda ya mbao yakajikunja na kuanguka miguuni, naye alifanya kazi kama mtu aliye chini ya maji maangavu. Alijifunza kwamba ubao uliobonyea ukiwekewa kitambaa kibichi na kupitishiwa pasi ya moto, nyuzi zake hunywa mvuke na kuinuka zenyewe. Alijifunza kuzuia ufa kwa kipande kilichochongwa kama kipepeo, mabawa mawili yakishika kingo mbili zisiendelee kuachana. Alijifunza kupiga msasa mti uleule, kuchanganya unga wake na gundi, na kuziba tundu kwa mchanganyiko huo ili rangi isisaliti. Kiraka chake alikikata kwa kufuata nyuzi za ubao, na kikishakauka yeye mwenyewe alilazimika kukitafuta kwa kidole.

Dumuzi tu ndio waliompiga chenga. Tundu la dumuzi ni dogo kama kichwa cha pini, na ni mlango wa kutokea. Ukiliona, aliyelitoboa ameshaondoka zake. Swali ni nani bado yumo. Buu lake hukaa ndani ya ubao muda mrefu, likila taratibu ule weupe wa mti uliokuwa karibu na gome, likijaza unga nyuma yake, na kwa nje usione hata alama. Mafundi wengine huweka sikio kwenye ubao mahali palipotulia, wakasikia mtafuno mwembamba. Yeye hakuweza. Alitegemea unga uliomwagika: ukiwa mweupe na laini kama poda, ni wa karibuni, ukiwa umeshika rangi ya vumbi la nyumba, ni wa zamani. Mara nyingi alipatia, na mara nyingine unga ulimdanganya.

Mkewe alimpata kwa sababu hiyohiyo. Alikuwa mshonaji, binti mwenye mikono mirefu na macho ya kusinzia, akaja siku moja analalamika kwamba meza yake ya kukatia vitambaa inadondosha unga na kuchafua nguo nyeupe za wateja. Meza ililetwa, na wakati fundi anazunguka akiikagua, yule binti alichoka kusimama, akalaza kichwa juu ya ubao kama mwanafunzi darasani. Ghafla akainuka, macho yamemtoka.

"Kuna mtu anakula humu," alisema.

Fundi alimwomba amwonyeshe ni wapi. Binti akaanza kusogea kandokando ya meza, shavu limegusa mti, macho ameyafumba, na kila alipofika mahali penye sauti aliinua kidole kimoja. Fundi akaweka alama ya chaki. Alipopafungua kwa patasi alimkuta mwenyewe, mweupe, amejikunja kama punje ya wali. Tangu siku ile hakukosa ubao wa kumwitia. Mwingine ulikuwa mzima kabisa, hauna hata mkwaruzo, lakini alimwomba aje ausikilize, kwa tahadhari tu. Kaka yake binti, ambaye baadaye akawa shemeji na mtu wa karibu wa nyumba, alisema wasichana wengine huitwa kwenda kupunga upepo, ila dada yake anaitwa kwenda kusikiliza wadudu, na cha ajabu anajipaka mafuta kabla ya kutoka.

Walioana. Mjomba alipostaafu na karakana ikauzwa, fundi alihamishia wagonjwa wake nyumbani, kwenye banda la uani. Mkewe alishona chumba cha mbele, mlango wa kati ukiwa wazi, hivyo kwamba fundi akiinua macho kutoka kwenye randa alimwona kwa mgongo, ameinamia cherehani, bega moja likicheza. Pasi ilikuwa moja nyumbani na ugomvi ulikuwa mmoja: nani aliitumia mwisho na kuiacha na madoa. Mchana, baada ya chakula, mke alikuja uani na kupita kwenye mbao mpya zilizoletwa, akiegemeza sikio kwenye kila moja. Ndiyo saa aliyoipenda fundi kuliko zote. Alikaa juu ya kigogo akamtazama, uso ule uliofumba macho ukielea juu ya ubao mmoja hadi mwingine, na mara nyingine alisahau kwamba ni kazi. Alikuwa kama anamwona mtu aliyelala akitembea. Kisha kidole kiliinuka, naye akaamka na kutafuta chaki.

Yakaja yaliyokuja. Mama mkwe alianguka bafuni, akavunjika nyonga, na mshonaji akafunga mizigo kwenda kumuuguza. Alisema hajui atarudi lini. Fundi alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akakuta nyumba imetulia namna ambayo hakuizoea. Mtu anaweza kudhani asiyesikia hawezi kuona tofauti. Aliiona. Sakafu haikutetemeka tena kwa mtikisiko wa cherehani, na mchana baada ya chakula hakuna aliyekuja uani.

Katika siku hizo ndipo mkunga alipoleta benchi. Alikuwa amestaafu kwa sababu ya magoti, lakini kila mtu wa mitaa ile bado alimwita mkunga, na aliowapokea walikuwa wengi kiasi kwamba akipita njiani alisalimiwa na watu wazima kama mtu anayepita katikati ya wajukuu. Benchi lake lilikaa mlangoni pake miaka yote ya kazi. Juu yake walikaa akina baba wakitikisa miguu, mabibi, mashangazi, mawifi waliokuja na vikapu, wote wakingojea mlango wa ndani ufunguliwe. Lilikuwa ubao mmoja mpana wa mkangazi, mwekundu uliokolea, uliolainishwa na nguo za watu, ila ukingo wake wa mbele ulikuwa na ule weupe wa mti, na ukingo huo ulijaa matundu.

"Sasa nataka kulikalia mimi," mkunga alisema, akitamka vizuri kwa kuwa alimjua. "Niambie tu kama wenyewe bado wamo."

Fundi aliligeuza juu chini. Alilitandikia kitambaa cheusi akaligongagonga kwa nyundo ya mbao, akaliacha hapo, akawa anarudi kukitazama kitambaa. Hakikudondokewa na kitu. Alijua kwamba mkewe angekuwepo angeliegemea tu kwa shavu na mambo yangekwisha. Alijua pia kwamba angeweza kungoja. Lakini mikono ilimuwasha, nyumba ilimwelemea, na alitaka siku mkewe anaporudi akute kuna kitu kikubwa kimefanyika bila yeye. Akamwambia mkunga kwamba wameshaondoka.

Akalifanyia kazi kama hajawahi kufanya. Aliziba matundu yote kwa ncha ya sindano, moja baada ya jingine, kwa gundi na unga wa mkangazi. Penye ufa alitia kipepeo. Alilipiga msasa mpaka likawa kama ngozi, akalipaka mafuta, kisha vanishi nyepesi, na rangi yake ikafunguka polepole kutoka ndani kama kitu kinachokumbukwa. Lilipopelekwa, mkunga alilikalia, akalipapasa pande zote mbili, akafumba macho. Fundi alirudi nyumbani akitembea kama miguu haigusi chini.

Joto lilipoingia mkunga akamtumia ujumbe aje. Alimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, na chini ya benchi kuna vichuguu vidogo vya unga mweupe, laini kama poda ya mtoto. Fundi alipiga goti. Matundu mapya yalikuwa yametoboa katikati ya kazi yake mwenyewe, hata kwenye bawa la kipepeo. Alitamani ardhi ipasuke, na kwa kuwa haikupasuka, alibaki pale chini akiufinyafinya ule unga kwa vidole.

Mkunga alimgusa begani ili amtazame mdomoni.

"Mwanangu, nikuambie. Nilishawahi kumwambia mzazi, pumzika, tumemaliza. Nikaanza na kunawa mikono. Kumbe pacha alikuwa bado yumo." Akatabasamu kidogo. "Nilirudi nikashika kazi upya. Na wewe chukua benchi, ukarudie."

Alilibeba na shemeji yake, mmoja mbele mmoja nyuma. Shemeji aliuza rangi na misumari mtaa wa pili, mtu wa maneno mengi ambaye masharubu yake ndiyo yaliyomsumbua fundi kuliko yote. Uani fundi alimwomba aegemeze sikio asikilize. Shemeji alijilaza juu ya benchi kama mgonjwa wa hospitali, akatulia, kisha akatangaza kwamba anasikia mngurumo mkubwa sana, huyo si dumuzi, ni nguruwe. Baadaye kidogo akagundua ni tumbo lake, maana hakuwa amekula. Akashauri walipake benchi mafuta ya taa wasahau. Fundi alimshukuru, akamsindikiza, akarudi kukaa peke yake mbele ya ubao akishika tama.

Ilikuwa saa ya mchana ambayo hata kuku hulala. Mwanga ulisimama uani kama maji kwenye beseni. Fundi aliamua angalau apime ukingo ule mbovu. Alishika rula kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukatengeneza kivuli ili aone mistari, na penseli, kwa kukosa mkono wa tatu, akaiuma kwa meno. Aliinama karibu, karibu zaidi. Ncha ya penseli ikagusa mbao.

Akasikia mtu anatafuna.

Kwanza alidhani ni yeye. Alikaza taya, akaacha hata kumeza mate. Mtafuno uliendelea, mkavu, mwembamba, wa taratibu, kama mtu anayekunja karatasi katika chumba cha mbali cha nyumba kubwa. Aliinua kichwa, sauti ikapotea. Akainama, penseli ikagusa. Sauti ikarudi pale ilipoachia. Mtafuno ulikatika, naye akangoja bila kupumua, kisha ukaanza tena kwa mpigo uleule, kama mtu aliyenyamaza kidogo kufikiri. Haukuwa na blanketi juu yake wala haukuwa mvumo. Ulikuwa na ukingo na umbo, uliingia kwa meno na kukaa katikati ya kichwa chake, mahali ambapo kwa maisha yake yote alikaa peke yake.

Alikaa chini kwenye maganda ya mbao. Hakujua amekaa muda gani. Machozi yalimlenga na hakuyafuta, kwa kuwa hakutaka kusogeza mkono.

Siku ile kazi haikufanyika tena. Alizunguka nyumba na penseli mdomoni, akainamia kila kitu kama mtu anayenusa. Kwenye ukingo wa pipa alisikia tone la bomba likianguka, duara, lenye mwangwi. Kwenye fremu ya dirisha alisikia upepo ukisukuma kioo. Mwishoni alisimama mbele ya cherehani ya mkewe. Alitoa kifuniko chake cha kitambaa, akaegemeza penseli kwenye ubao wa mashine, akazungusha gurudumu kwa mkono. Mlio uliokuja ulikuwa mwepesi na wa haraka kuliko alivyowahi kudhani, kama mvua inayoanza juu ya majani. Basi hiki ndicho alichokuwa akiishi nacho mke wangu, alifikiri. Miaka yote hii chumba hiki kimejaa mvua, nami nilikuwa naona bega tu.

Alirudi kwenye benchi, akauma penseli, na usingizi ukampitia hapohapo. Akaota anatembea ndani ya ubao. Njia zilikuwa nyembamba, kuta zake ni unga mweupe, na mwanga ulitoka pande zote bila taa. Mbele yake kulikuwa na mtu anakula, naye alitembea kuelekea kwake bila woga wala haraka, na hakufika. Alipoamka alikuwa na alama ya penseli shavuni.

Asubuhi yake alikuta moyoni mambo mawili yanayomsumbua. La kwanza lilikuwa la aibu, hata hakulitamka: hakutaka kuwaua. Maisha yake yote aliwafungua kwa patasi na kuwaponda bila kufikiri, na sasa sauti ya kwanza safi kumfikia ilikuwa ya mmoja wao. Jambo la pili lilikuwa mkewe. Nyumba yao yote ilianza siku alipolaza kichwa juu ya meza. Fundi alikuwa na mikono, mke alikuwa na sikio, na katikati hapo ndipo walipojenga. Sasa angemwambiaje kwamba sikio limepatikana kwenye penseli? Alijaribu kuyapanga maneno, akayaona yote yana sura ya mtu anayemfukuza mwenzake kazi.

Akapiga moyo konde na kurudi kwenye ubao. Kwa penseli alitafuta walipo, akaweka chaki kila palipotafunwa, na alama zote zikaangukia kwenye weupe wa ukingo. Ndani ya wekundu hakukuwa na hata mmoja. Hivyo akaukata ukingo wote kwa msumeno, akapiga randa mpaka akafika kwenye mkangazi mwekundu, mgumu, usiopendwa na dumuzi. Ubao uliobaki aliufunga kwa nailoni nyeusi, akaulaza juu ya mabati katikati ya jua, akawa anaugeuza kila siku mpaka ukawa wa moto wa kutoshikika hata upande wa chini. Kisha akaupaka maji ya boraksi, dawa ya wadudu, akauacha unywe na kukauka. Kwenye mabaki ya mbao za mjomba alipata kipande cha mkangazi kisicho na weupe, ambacho nyuzi zake zilipinda kidogo kulia kama zile za benchi. Akakiunga kwa gundi, akakibana kwa kamba zilizosokotwa kwa vijiti, na kila kamba ilipokaza gundi ilichuruzika kwenye mshono kama jasho.

Kile kipande kibovu alikaa nacho mchana mmoja. Alijua hawezi kukiweka uani penye mbao za watu. Alikisikiliza mpaka akatosheka, ingawa si kweli kwamba alitosheka. Kisha akakipeleka jikoni akakichoma, na wakati kinaungua penseli ilikuwa mfukoni.

Mshonaji alirudi bila kutoa taarifa. Mama yake alikuwa ameanza kutembea kwa mkongojo na kugombana na majirani, dalili kwamba amepona. Fundi aliinua macho kutoka kwenye msasa na kumwona amesimama mlangoni na begi lake, amekonda kidogo, vumbi la njia miguuni. Kaka yake alikuwa ameshamweleza yote ya benchi, na bila shaka alitia chumvi. Hakukaa, hakuomba hata maji. Aliweka begi chini, akaenda moja kwa moja kwenye benchi, akalaza shavu, akafumba macho. Alisogea taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kidole hakikuinuka.

"Hamna mtu," alisema.

"Najua," fundi akajibu.

Mkewe alimtazama. Fundi hakuwa na pa kujificha, akamweleza kwa ile sauti yake ya chini, akikatikakatika: penseli, mtafuno, pipa, dirisha. Ya cherehani aliyaruka. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa polepole, akaingia ndani. Fundi akamfuata. Alimkuta amesimama mbele ya mashine amempa mgongo, anakunja kile kifuniko, anakikunjua, anakikunja tena. Bega lilicheza, akajua anasema kitu.

"Geuka nikuone," alimwomba.

Akageuka. Macho yalikuwa mekundu, lakini hakuwa analia sawasawa.

"Nimesema, sasa utakuwa unaniitia nini?"

Fundi aliyatafuta maneno yale aliyoyapanga, hayakuwepo hata moja. Rula ya mbao ilikuwa juu ya meza ya kukatia, ndefu, ya kupimia vitambaa. Akaichukua, akauma ncha moja, akamsogezea ya pili. Mkewe alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa homa. Kisha, kwa kuwa alimjua, akasogea akaiuma.

Wakasimama hivyo katikati ya chumba, uso kwa uso, urefu wa rula kati yao.

"Umekula?" mkewe akauliza, maneno yakibanwa na meno.

Akamsikia. Ilikuwa sauti nzito kuliko alivyotarajia, yenye mkwaruzo kidogo, na chini kabisa, mahali maneno yanapoanzia, palikuwa na kicheko kilichojificha. Mkewe aliingia kichwani mwake mzima mzima na kusimama hapo.

"Sema tena," fundi alimwambia.

"Niseme nini?"

"Chochote."

Akasema. Alisimulia ya mama yake na mkongojo, ya basi lililoharibika njiani, ya nguo ya bibi harusi aliyoiacha nusu na mwenyewe atakuja juu. Mate yakaanza kuchuruzika kwenye rula, wakaanza kucheka, na kicheko chake nacho kilikuja kupitia mbao, kikamtikisa fundi meno. Naye akamjibu kwa njia ileile, akamwambia na ile ya cherehani aliyoiruka, kwamba alikaa akaizungusha na kudhani mvua inanyesha. Mkewe aliacha kucheka. Akaiondoa rula mdomoni, akamfuta kidevu kwa kiganja.

Shemeji aliingia wakati wameuma tena. Alikuja kumsalimia dada yake, akawakuta wamesimama kama ndege wawili wanaogombea nyungunyungu mmoja. Alisimama, akafikiri, akatoka bila kuuliza. Baadaye aliwaambia watu dukani kwamba ndoa za wengine ni za kuwaachia wenyewe.

Benchi lilirudishwa mlangoni kwa mkunga. Msimu wa joto ulipita, ukaja mwingine, na chini yake hapakuonekana unga. Ukingo mpya ulibaki na rangi iliyofifia kuliko wa zamani, na fundi alipotaka kuupaka dawa ya kuukoleza, mkunga alikataa. Alisema ataukoleza mwenyewe kwa kuukalia. Watu aliowapokea walisimama kumsalimia, wakakaa, wakaondoka na harufu ya vanishi nguoni.

Mshonaji aliendelea kuja uani mchana baada ya chakula. Ubao mpya ukiletwa, yeye hulaza shavu upande mmoja na mumewe huinamia upande wa pili na penseli, na mara nyingine hutofautiana, huyu akisema yumo, yule akisema hayumo, na patasi ndiyo huamua.

Kuna jambo moja fundi alimsimulia shemeji yake tu, siku walipokuwa wakibeba mbao. Alisema kabla ya siku ile ya rula, mkewe alikuwa na sauti nyingine ndotoni. Alimtungia mwenyewe bila kukusudia, tangu walipokuwa wachumba: nyembamba, ya juu, kama ya msichana anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Aliisikia karibu kila usiku na aliamini ndiyo yenyewe. Sasa ndotoni mkewe anakuja na hii nzito, yenye mkwaruzo, na anamgombeza juu ya pasi. Ile nyembamba haikurudi. Siku za mwanzo aliikosa, alisema, kama mtu anavyomkosa mpangaji aliyehama bila kuaga.

Shemeji alimwuliza kama anataka irudi.

Fundi Kimya alitua ncha yake ya ubao chini, akakung'uta vumbi mikononi. Alisema hapana, kisha akainua ncha yake ya ubao, wakaendelea na safari.